Mkimbiaji unayetaka kumaliza trayathloni ya kwanza, anzia majini

Karibu kila Jumapili baada ya mbio ndefu, tukiwa tumekaa chini tunakunywa dafu, kuna mtu atanivuta pembeni na maswali yaleyale. Asiyejua kuogelea anaweza? Baiskeli ya mtumba inatosha? Nikishuka kwenye baiskeli, miguu itakubali kukimbia? Nimeyajibu mara nyingi kwa mdomo, nusunusu, na kila mtu ameondoka na kipande chake. Hapa nayaweka yote pamoja kwa ajili ya mtu ambaye tayari anakimbia: kilomita 10 unazimaliza bila taabu, pengine umeshapanda Moshi ukakimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro, na sasa unatamani trayathloni, yaani kuogelea, baiskeli na mbio kwa mkupuo mmoja.

Kuna jambo wakimbiaji hawapendi kulisikia, nami nalisema mwanzoni makusudi. Mbio zako, hizo zinazokupa ujasiri wa kujiandikisha, zinakuja mwisho. Kabla ya kuzifikia kuna maji ya kuvuka, na maji hayaulizi umekimbia kilomita ngapi mwaka huu. Nimeona watu wenye mapafu ya kuonewa wivu barabarani wakiishiwa pumzi ndani ya mita 50 za bwawa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni maji. Mbio nitazigusa kidogo tu.

Umbali gani uanze nao

Anza na umbali uitwao sprinti: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Ukiona mahali wanatoa umbali mfupi zaidi, kama mita 400, kilomita 10 na kilomita 2.5, huo nao ni mwanzo mzuri na usiuonee haya. Umbali wa Olimpiki, uliochezwa huko kwa mara ya kwanza Sydney mwaka 2000, ni mita 1,500, kilomita 40 na kilomita 10. Nusu Ironman, kama ile iliyoanza kufanyika Rubavu nchini Rwanda mwaka 2022, ni kilomita 1.9 majini, 90 barabarani na 21.1 kwa miguu. Hiyo iache mpaka umalize sprinti mbili tatu.

Anayeanza humaliza sprinti kwa kati ya saa 1 na dakika 40 na saa 2 na robo hivi. Ukiweza kukimbia nusu marathoni, mwili wako unaujua muda huo. Kinachobaki ni kuufundisha kazi mbili mpya.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Miwani ya kuogelea inayokubana vizuri. Ibandike usoni bila kufunga mkanda: ikishika kwa sekunde mbili tatu bila kudondoka, inakufaa.
- Kofia ya kuogelea ya rangi kali. Chungwa au njano huonekana baharini. Nyeupe hupotea kwenye povu la mawimbi.
- Boya dogo la kuvuta linalofungwa kiunoni, kwa mazoezi ya baharini.
- Baiskeli yoyote nzima yenye breki mbili zinazofanya kazi. Baiskeli ya mtumba ya barabarani inatosha kabisa. Hata ya milimani inatosha, ila mpe fundi aibadilishe tairi za meno, aweke laini.
- Helmeti isiyo na ufa. Hapa usichukue mtumba, maana helmeti iliyowahi kuanguka inaweza kuwa imeharibika ndani bila kuonyesha.
- Tyubu ya akiba, pampu ndogo, na vipande viwili vya plastiki vya kubandulia tairi.
- Vazi moja utakaloogelea, utakaloendeshea na utakalokimbilia. Kaptura ya kubana na fulana ya kubana zinazokauka haraka zinatosha kwa mara ya kwanza.
- Mkanda wa kiunoni wa kushikia namba yako ya shindano, mafuta ya mgando, chupa mbili za maji na taulo dogo.
- Viatu vyako vya mbio ulivyovizoea. Viatu vya kubana kwenye pedali viache kwa sasa; pedali za kawaida na viatu vya mbio vitakufikisha.

Ile suti nyeusi ya mpira unayoiona kwenye picha za Ulaya huihitaji. Bahari ya Hindi kwetu ina joto mwaka mzima, na maji yakiwa ya joto kanuni zenyewe huikataza.

Dada zangu mnaoogelea kwa vazi la kufunika mwili mzima: waandikieni waandaaji mapema muulize kanuni zao za mavazi, kisha fanyeni mazoezi kwa vazi lilelile la siku ya shindano. Kitambaa kikilowa kinakuwa kizito, na uzito huo uuzoee bwawani.

Hatua

1. Pima afya, kisha uhesabu wiki kwa kurudi nyuma

Nenda kwa daktari upimwe shinikizo la damu na moyo, umweleze unachotaka kufanya, hasa kama umepita miaka 40 au katika ukoo wenu kuna mtu aliyeanguka ghafla. Sisemi hivi kwa desturi tu. Vifo vichache vinavyotokea katika mchezo huu, vingi vyake hutokea majini, na moyo ndio unaohusika mara nyingi.

Kama unaweza kuogelea mita 50 bila kusimama, jipe wiki 12. Kama hujui kuogelea kabisa, jipe miezi sita na usijiandikishe popote mpaka uweze mita 400 mfululizo. Tarehe ya shindano ikikukimbiza majini, utajifunza kwa hofu, na hofu ikishaingia hutoka kwa shida.

2. Jifunze kuogelea kwa mwalimu

Usijifundishe kwa video peke yako. Majini hujioni, unadhani umelala juu ya maji kumbe miguu inaburuta chini kama nanga. Tafuta mwalimu kwenye bwawa la shule au hoteli, lipia masomo nane au kumi, halafu endelea mwenyewe.

Mkimbiaji ana matatizo matatu yanayojirudia. Yatambue mapema.

La kwanza ni kichwa. Umezoea kutazama mbele, kwa hiyo majini nako unainua kichwa. Kichwa kikipanda, nyonga zinashuka, na ghafla unasukuma ukuta wa maji. Tazama sakafu ya bwawa moja kwa moja chini yako. Ukitaka hewa, geuza uso pembeni pamoja na bega. Sikio moja libaki ndani ya maji.

La pili ni miguu. Vifundo vya mkimbiaji ni vikavu, na misuli ya mapaja inapenda kazi. Matokeo yake unapiga teke kwa nguvu zote, unachoka, wala husogei. Piga miguu kidogo tu, kiasi cha kuiweka juu. Utaihitaji baadaye.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni pumzi. Wengi wanabana hewa uso ukiwa majini, kisha wanataka kutoa na kuvuta kwa pamoja katika ile nusu sekunde uso ukiwa juu. Haiwezekani. Ile hisia ya kukabwa koo hutokana na hewa chafu uliyoibana kifuani. Hewa safi hujaikosa. Toa pumzi muda wote uso ukiwa chini, polepole, kwa pua na mdomo, mapovu yasikatike. Ukigeuka, kifua kiko wazi na hewa inaingia yenyewe.

Mpangilio wangu ni huu. Wiki mbili za kwanza: kupuliza mapovu, kuelea kifudifudi, kuelea chali, kusukuma ukuta na kuteleza. Usione ni mchezo wa watoto; kuelea chali ndiko kutakakokuokoa baharini. Kisha mita 25 mara nane, ukipumzika sekunde 30 kila mara. Kisha mita 50 mara kumi. Kisha mita 100 mara sita. Usiongeze kasi hata siku moja katika kipindi hiki. Lengo ni mita 1,000 bila kusimama kabla ya shindano la mita 750, kwa sababu baharini hakuna ukuta wa kusukuma kila baada ya mita 25, na hutaogelea kwa mstari ulionyooka hata ukijitahidi.

Kosa la kawaida: kwenda bwawani mara moja kwa wiki kwa saa mbili. Mara tatu za dakika 40 zinafundisha mwili zaidi.

Na kama umechoka katikati na mtindo huru, ule wa kupishanisha mikono, kuogelea kama chura kunaruhusiwa. Hata chali kunaruhusiwa. Hakuna anayenyimwa medali kwa sababu ya mtindo.

3. Toka bwawani uingie baharini

Fanya hivi wiki nne au tano kabla ya shindano, na usiende peke yako hata siku moja. Nalirudia: hata siku moja.

Kwanza ijue bahari ya mahali pako. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na mikondo ina nguvu. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari imetulia, na ndizo siku za mwanafunzi. Ingia karibu na kilele cha kujaa, maji yakiwa yamesimama. Nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, hivyo saa iliyokufaa Jumamosi hii haitakufaa Jumamosi ijayo. Kaa mbali na mlango, ule uwazi kwenye mwamba ambao maji hutokea kurudi bahari kuu wakati wa kupwa. Mkondo wa pale humshinda hata muogeleaji hodari.

Kusi ikivuma, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, upande wa nje wa mwamba huchafuka. Maleleji, pepo zinapobadilishana, ni wakati mtulivu kuliko yote. Zipo programu za simu zinazoonyesha maji kujaa na kupwa, zitumie, lakini kabla hujalowa muulize mvuvi wa ufukwe ule. Yeye anajua mchanga umehama wapi na mashua za injini zinapita wapi. Mimi huwa namlipa mmoja atusindikize kwa mtumbwi tukiwa kundi. Ni gharama ndogo kwa usalama mkubwa.

Siku ya kwanza, ogelea sambamba na ufukwe, kwenye kina unachoweza kusimama. Mambo mawili ya kujifunza ni haya:

*Kutazama mbele.* Kila baada ya mikono minane au kumi, inua macho tu juu ya maji, kama mamba, tafuta alama, kisha geuka uvute hewa. Chagua alama kubwa nchi kavu nyuma ya boya: mnazi mrefu, paa la hoteli, mnara wa simu. Boya lenyewe hupotea nyuma ya wimbi.

*Kutulia hofu ikija.* Itakuja. Mimi ilinipata kwenye shindano langu la kwanza, mita 100 tu kutoka ufukweni. Kifua kilibana, moyo ukapiga kama ngoma, nikasadiki kwamba nazama ilhali nilikuwa nimeshaogelea mara kumi ya umbali ule bwawani. Nilichofanya ndicho nakufundisha: geuka chali, masikio ndani ya maji, tazama mbingu, toa pumzi ndefu kuliko unayovuta, hesabu hadi kumi na tano. Kisha ogelea kama chura mara kadhaa, na ndipo urudi kwenye mtindo huru. Bado mbaya? Inua mkono, mtumbwi wa waokoaji utakuja. Kanuni za kawaida zinakuruhusu kushika mtumbwi au boya upumzike, mradi wasikuvute mbele. Nilishika, nikapumua, nikaendelea, nikamaliza. Ijaribu hofu hii mazoezini kwa makusudi: simamisha kuogelea mahali pa kina, geuka chali, tulia, endelea. Rudia mpaka iwe mazoea kama kufunga kamba za viatu.

Wa Mwanza, Musoma, Kisumu na Entebbe, mazoezi yenu yana masharti mengine. Ziwa Victoria lina kichocho, na sehemu nyingine zina mamba na viboko. Ogeleeni pale tu wenyeji na waandaaji wanapopathibitisha, epukeni maji yaliyotuama penye majani na konokono, na mkapime kichocho wiki sita hadi nane baada ya kuogelea.

4. Ifanye baiskeli ikutoshe

Mpelekee fundi aangalie breki, mnyororo, spoku na beringi. Kisha rekebisha kimo cha siti mwenyewe: kaa juu huku mtu akikushikilia, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke kabisa, nyonga zisiinamie upande. Ukiweka mbele ya wayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjwa kidogo. Hapo ndipo. Siti ya chini mno ndiyo inayowaumiza wakimbiaji magoti, kisha wanasema baiskeli haiwafai.

Pampu tairi kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake. Tairi nyembamba za barabarani mara nyingi huchukua kati ya PSI 80 na 100 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi). Kubonyeza kwa kidole gumba hakutoshi, tumia pampu yenye saa ya kupimia upepo.

Halafu badilisha tyubu nyumbani, sebuleni, mara tatu. Gurudumu la nyuma, ambalo kila mtu analikwepa, libadilishe mara mbili zaidi. Siku ya shindano hakuna fundi wa kando ya barabara, na msaada wa rafiki aliyesimama pembeni unaweza kukutoa mashindanoni.

5. Endesha kwa kuokoa miguu

Toka alfajiri ya Jumamosi au Jumapili, kabla ya daladala na bodaboda kujaa. Taa nyuma, helmeti imefungwa, masikioni hakuna kitu. Anza na kilomita 15, fika hadi 30.

Tumia gia nyepesi. Hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15: ikiwa kati ya 20 na 22, uko sawa. Ikiwa 15, unasukuma gia nzito mno na unayachoma mapaja yatakayokukimbiza baadaye. Hili ndilo kosa la wakimbiaji wenye nguvu. Wanafurahia kupita watu kwenye baiskeli, kisha kilomita ya pili ya mbio wanatembea.

Jifunze kunywa ukiwa unaendesha, kwa mkono mmoja, mahali wazi pasipo magari. Jifunze pia kukata kona: punguza mwendo kabla ya kona, pedali ya upande wa ndani iwe juu, macho yatazame unakotaka kutokea.

6. Unganisha baiskeli na mbio

Mara moja kwa wiki, ukishuka kwenye baiskeli, vaa viatu na ukimbie papo hapo. Dakika 10 tu mwanzoni, kisha 15, kisha 20. Miguu itakuwa kama ya kukopa. Mapaja mazito, hatua fupi, na kiuno kimekataa kunyooka. Hali hiyo hupita ndani ya kilomita moja au moja na nusu, na kila wiki hupita upesi zaidi.

Angalizo: macho yako yamezoea mwendo wa baiskeli, kwa hiyo ukianza kukimbia utajiona unajikokota hata kama unakwenda kasi kuliko uwezo wako. Iamini saa. Anza sekunde 30 kwa kilomita taratibu kuliko kasi yako ya kawaida ya kilomita 5, na usiongeze mpaka kilomita ya tatu.

7. Panga wiki

Kuogelea mara tatu, baiskeli mara mbili, mbio mara mbili, na mojawapo ya mbio hizo iwe ile ya kuunganisha. Siku moja pumzika kabisa. Ndiyo, mbio mara mbili tu. Najua inauma, na najua wenzako wa klabu watakuuliza umepotelea wapi. Mbio zako hazitakufa kwa wiki 12. Moyo na mapafu vinaendelea kufanya kazi majini na barabarani. Aliyeshikilia mbio zake tano kwa wiki na kuchomeka kuogelea pale anapopata nafasi, huyo ndiye tunayemsubiri ufukweni kwa wasiwasi.

Mwezi wa Ramadhani ukiangukia katikati ya mpango wako, sogeza mazoezi ya bwawani baada ya futari ukipata bwawa lililo wazi usiku, punguza muda, na baharini usiingie ukiwa umefunga.

8. Fanya mazoezi ya kubadilisha

Eneo la kubadilishia ni pale baiskeli zinapotundikwa. Utapita mara mbili. Tandika taulo dogo, panga vitu kwa mfuatano: helmeti juu ya usukani, mikanda wazi, imegeuzwa kichwa chini, viatu vimepanuliwa, soksi zimekunjwa tayari, mkanda wa namba, kofia ya jua. Fanya mazoezi uani kwako mara tano. Anayeanza akitumia dakika tatu kila mara hajapoteza kitu.

Kanuni zinazowaadhibu wageni ni hizi:

- Helmeti ivaliwe na kufungwa kabla hujagusa baiskeli, na isifunguliwe mpaka uitundike tena.
- Baiskeli isukumwe kwa miguu hadi mstari wa kupandia. Ukirudi, shuka kabla ya mstari wa kushukia.
- Usijifiche nyuma ya baiskeli ya mwenzako kukwepa upepo, isipokuwa waandaaji wameruhusu. Acha nafasi waliyotangaza, mara nyingi mita 10 au 12. Ukitaka kupita, pita moja kwa moja. Kwetu tunakaa kushoto na kupita kulia.
- Namba iwe mgongoni kwenye baiskeli, tumboni kwenye mbio.
- Vifaa vya muziki masikioni ni marufuku. Taka tupa pale tu zilipowekwa ndoo.

Kabla ya kuanza, tembea kutoka ufukweni hadi kwenye baiskeli yako, uhesabu safu, uweke alama kichwani. Ukitoka majini damu iko mikononi na kichwa kinazunguka kidogo. Baiskeli mia zitafanana zote.

9. Siku tatu za mwisho na asubuhi yenyewe

Wiki nzima ya mwisho, punguza mazoezi kwa nusu. Usijaribu chochote kipya: si miwani, si chakula, si siti. Usiku kula wali au ugali na samaki, maharage acha. Asubuhi, saa mbili na nusu au tatu kabla ya kuanza, uji na ndizi mbivu, au mkate na asali, na maji kidogo kidogo.

Paka mafuta ya mgando shingoni, kwapani na mapajani. Ingia majini dakika kumi kabla ukiruhusiwa, ulowane uso, upulize mapovu. Kipenga kikilia, simama nyuma na pembeni kwa kundi. Hesabu kumi, waache wenye haraka waende na mateke yao, kisha uanze. Mita 200 za kwanza ogelea polepole mpaka uone kama unachelewa.

Kwenye baiskeli subiri dakika tano pumzi itulie, kisha unywe. Kwa joto la pwani, nusu lita hadi lita 0.7 kwa saa inawafaa wengi, na chupa moja iwe na maji ya ORS. Kilomita mbili za mwisho weka gia nyepesi zaidi, izungushe miguu. Mbio ni kama nilivyosema: taratibu, kisha kazi unayoijua.

Mambo yakienda kombo

*Miwani imejaa maji au imepigwa teke.* Geuka chali, imwage, ibandike, endelea. Ndiyo maana mkanda wake huvaliwa chini ya kofia.

*Msuli wa mguu umekaza majini.* Kawaida ni kigimbi au wayo. Elea chali, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, subiri uachie. Endelea kwa mikono, miguu iburute.

*Yavuyavu amekuchoma.* Usisugue. Ukitoka, suuza kwa maji ya bahari. Ukiona uvimbe usoni au pumzi inabana, shindano limeisha: mwite daktari wa waandaaji.

*Umekanyaga kile kiumbe cha miiba myeusi.* Miiba hukatika ndani. Iliyojitokeza itoe, wayo uloweke kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia. Wenyeji wengi wa pwani hupaka utomvu wa papai bichi. Kinga ni kuvaa viatu vya maji mazoezini, hasa wakati wa kupwa.

*Mnyororo umechomoka.* Simama kando, kile kikono cha gia cha nyuma kisukume kuelekea mbele ili mnyororo ulegee, urudishe kwenye meno, zungusha pedali kwa mkono.

*Pancha.* Toka kabisa barabarani. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole ndani ya tairi utafute mwiba au kigae, la sivyo utatoboa na hiyo ya pili.

*Tumbo linavuruga kwenye mbio.* Tembea dakika moja, kunywa funda la maji matupu, acha vitamu. Mara nyingi ni maji ya bahari uliyomeza, au juisi nzito kwenye baiskeli.

*Kizunguzungu, baridi mwilini ilhali jua kali, jasho limekauka.* Hilo ni joto limekuzidi. Simama, tafuta kivuli, umwagiwe maji, mwambie mtu. Usijaribu kulikimbia.

*Umepitwa na muda wa mwisho wa kutoka majini.* Waandaaji watakutoa, nao wako sahihi. Omba kama unaweza kuendelea na baiskeli na mbio bila kuhesabiwa. Wengine wanaruhusu, na utarudi nyumbani na mazoezi mazuri ya sehemu mbili. Jumatatu inayofuata rudi bwawani, mita 25 mara nane, mapovu yasikatike.